Tamthilia kwenye pwani ya mbali: fungueni jedwali la maji kabla ya skripti

SWALI: Tunatayarisha tamthilia ya vipindi 6 inayotokea kwenye kijiji cha wavuvi kinachofikika kwa boti tu. Tulikwenda siku 3 za majaribio. Tulipoketi kuhariri tukakuta kwamba ndani ya mazungumzo yale yale bahari iko miguuni pa wahusika, mara iko mbali, mara imerudi. Sauti imejaa mawimbi na upepo. Kamera moja ilizima siku ya pili, na fundi anasema imeingia kutu. Tuko watu 22 na tumepanga siku 24 za kazi. Turekebishe nini kabla ya kurudi?

JIBU: Mliyoyapata ni matatu, lakini chanzo chake kikubwa ni kimoja. Ratiba yenu ilipangwa kama ya mjini, yaani kwa kufuata nafasi za waigizaji na idadi ya kurasa, kisha bahari ikaachwa ijitokeze vyovyote itakavyo. Ufukweni, kinachotangulia mezani ni jedwali la maji kupwa na kujaa. Cha pili ni upande jua linakochomoza na linakozama. Skripti inafunguliwa baada ya hayo mawili. Hata sauti na uhai wa kamera vinategemea sana mpangilio huo, kwa sababu timu inayokimbizwa na maji hubadilisha lenzi palipo na rasharasha na huweka maikrofoni popote inapopata.

Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50. Zile dakika 50 ndizo zinazowapiga watu chenga: maji yakiwa makavu, yaani yamepwa kabisa, leo saa 4 asubuhi, kesho yatakuwa makavu karibu saa 5 kasoro dakika 10, wakati jua halijachelewa hata kidogo. Onyesho ambalo halikumalizika leo, mkilirudia kesho maji yakiwa pale pale, kivuli kitakuwa kimeshahama.

Mwendo wa maji nao si wa kasi moja. Mabaharia wana hesabu ya kumi na mbili: gawa tofauti kati ya maji makavu na maji yaliyojaa katika mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza maji yanashuka sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne yanashuka sentimita 90 kila moja. Kwenye ufuko wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, sentimita 90 maana yake ni mita 45 za mchanga kufunuliwa ndani ya saa moja. Mazungumzo ya kurasa 3 yanayopigwa kwa pembe 4 za kamera hayamaliziki chini ya saa 2. Hapo ndipo bahari yenu ilipokuwa ikiruka. Kwa upande mwingine, nusu saa kabla na nusu saa baada ya maji kufika kileleni au chini kabisa, kimo kinabadilika kwa takribani sentimita 6, sawa na mita 3 za mchanga kwenye ufuko huo huo. Saa hiyo moja ndiyo yenye thamani kuliko zote katika siku yenu, na haifai kutumiwa kwa chai wala kwa vipodozi.

Kwa hiyo pangeni shoti kwa kufuata maji. Shoti za mbali zote zinazoonyesha mstari wa maji zipigwe ndani ya ile saa tulivu. Maji yakishika kasi, geuzeni kamera: shoti za karibu zinazotazama nchi kavu, mtu na ubavu wa mashua nyuma yake, mikono inayofuma wavu, uso uliosogezwa kwenye mwamba. Bahari inasikika lakini haionekani, na hakuna mtazamaji atakayejua kwamba imeshaondoka mita 40.

Pale inapowezekana, anzeni maji yakiwa yanapwa, si yakijaa. Yakipwa, eneo la kazi linapanuka, mchanga unaofunuliwa ni laini na hauna nyayo, na hakuna mtu anayelazimika kuhamisha stendi mbio mbio. Yakijaa yanafuta nyayo za wahusika katikati ya onyesho, na sanduku lililoachwa mahali pakavu linakutwa linaelea. Tengeni njia moja ya timu nyuma ya kamera, mweke kamba, na mtu yeyote asikanyage mbele. Nyayo kwenye mchanga mbichi hufutika kwa reki pana na ndoo ya maji. Kwenye mchanga mkavu reki inaacha michirizi inayoonekana kwenye picha, kwa hiyo shoti pana ya mchanga mkavu itangulie kabla mtu hajapita.

Sasa bamvua na maji mafu. Bamvua hufika siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na hujirudia kila baada ya siku 15 hivi. Wakati huo maji hupanda sana na kushuka sana, kwa hiyo maonyesho ya kutembea juu ya miamba, mashua kukwama au kisiwa kuunganika na nchi kavu ni ya siku hizo. Mazungumzo marefu kando ya maji yapelekeni kwenye maji mafu, kwa sababu tofauti ya kimo huwa ndogo na bahari inakaa karibu pale pale.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wengi wa skripti hawalijui. Mahali pamoja, maji makavu ya bamvua huja karibu saa zile zile za siku kila mara. Kama kwenye kijiji chenu maji makavu ya bamvua huangukia adhuhuri, basi maji makavu ya alfajiri yatakuja wiki moja baadaye, nayo ni ya maji mafu: mwamba hautafunuka wote. Skripti ikidai mhusika avuke mwamba alfajiri kwenda kisiwani, picha hiyo haipatikani hapo, msubiri miezi au msisubiri. Libadilisheni onyesho liwe la mchana sasa hivi, likiwa bado ni mstari kwenye karatasi.

Jedwali halisemi yote. Kila kanieneo ya hewa inaposhuka kwa hektopaskali 1, bahari hupanda kwa karibu sentimita 1, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu huyarundika maji zaidi. Siku ya hali mbaya kosa la sentimita 20 au 30 ni la kawaida, na kwenye ufuko ule wa 1 kwa 50 hilo ni mita 10 hadi 15. Chomekeni kigingi chenye alama kila sentimita 10 mahali ambapo kamera haielekei. Msimamizi wa mwendelezo akipige picha kila klapa inapogongwa, aandike saa na alama. Pia ateue jiwe moja lisilohama ndani ya fremu. Mhariri akitaka kujua shoti ipi inaungana na ipi, atatazama maji yamefika wapi kwenye jiwe hilo, na ubishi unakwisha.

Kuhusu jua, tazameni pwani yenu inaelekea upande gani kabla ya kuandika machweo. Tamthilia ya Murder, She Wrote iliweka kijiji chake cha Cabot Cove katika jimbo la Maine, upande wa Atlantiki, lakini picha nyingi za nje zilipigwa Mendocino, California, kwenye Pasifiki. Mendocino jua linazama baharini, Maine linachomoza baharini. Mwenye macho anayatambua hayo. Hata hivyo kubadili mahali si dhambi, na linaweza kuwaokoa: filamu ya Local Hero ilichukua kijiji chake Pennan, mashariki mwa Scotland, na ufuko wake ukatoka Camusdarach, upande wa pili wa nchi, na kwenye filamu ni mahali pamoja. Kama ufuko wa kijiji chenu una mwamba mkali au mawimbi makubwa, tafuteni ufuko mwingine ulio karibu na barabara kwa maonyesho ya mchanga mtupu, na kijiji kibaki kwa maonyesho yanayodai nyumba, gati na mashua. Sharti ni rangi ya mchanga ifanane na bahari iwe upande ule ule wa jua.

Sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi za pwani kuliko picha. Mawimbi hutoa mlio ulioenea kwenye masafa yote, yakiwemo yale ya sauti ya binadamu, kwa hiyo programu za kuyatenganisha na maneno mara nyingi huyakwaruza. Kinga ni ya pale pale mnaporekodi. Maikrofoni ya bum, yaani ile inayoshikwa kwenye fimbo ndefu, ni kiziwi kiasi upande wa nyuma yake. Mpeni kazi kiziwi huyo: mwenye bum asimame upande wa bahari, maikrofoni ielekee nchi kavu, mawimbi yabaki mgongoni. Kosa linaloonekana kila mara ni mwenye bum kusimama karibu na kamera, upande wa bara, akaielekeza kwa mwigizaji mwenye bahari nyuma yake. Hapo maikrofoni inakuwa imelengwa kwenye mawimbi. Kamera ikilazimika kuelekea baharini, tegemeeni maikrofoni ndogo za nguoni, moja kwa kila mwigizaji. Zibandikeni kifuani chini ya nguo kwa utepe wa nguo au wa kitabibu, kisha waya ufanyiwe kitanzi kidogo ili usipokee msuguano. Jasho na rasharasha huziziba, kwa hiyo wekeni za akiba zisizopungua 2.

Sifongo linalokuja na maikrofoni ni la chumbani. Ufukweni inahitajika ngome kamili ya upepo, yaani kasha linaloifunika maikrofoni nzima, na juu yake kifuniko cha manyoya marefu kilichochanwa. Manyoya yakilowa na kushikana kwa chumvi hayakingi tena, kwa hiyo yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Washeni kichujio cha sauti nzito kwenye hezi 80 hadi 100. Upepo ukifika mita 8 au 10 kwa sekunde, acheni kupigania mazungumzo ya nje. Pigeni picha, kisha papo hapo, dakika 10 baada ya shoti, wapelekeni waigizaji kwenye chumba kilichotundikwa magodoro na mablanketi, au ndani ya gari lililofungwa vioo, waseme mistari ile ile mara 3 huku wakiisikiliza kwenye visikizi. Kasi na pumzi bado viko mwilini. Studio ya mjini miezi 2 baadaye haitawapa hicho.

Kabla hamjahama sehemu yoyote, rekodini dakika 2 za bahari tupu bila mtu kuzungumza, na mrudie kila hali ya maji inapobadilika. Mawimbi ya maji yaliyojaa yanapiga ukingo kwa kishindo, ya maji makavu yanavunjikia mbali kwenye mwamba. Mhariri wa sauti akitandika sauti moja ya bahari chini ya onyesho zima, mishono kati ya pembe za kamera inafichika. Asipokuwa nayo, kila mkato utasikika.

Sasa kamera. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na rasharasha huibeba ndani ya upepo hata pale mnapoona pakavu. Maji yanakauka, chumvi inabaki, usiku inavuta unyevu tena na kuanza kula viunganishi vya betri, tundu za waya na skrubu za lenzi. Ndiyo maana kamera haifi siku ya kwanza. Inakufa ya pili au ya tatu, kama yenu.

Utunzaji wa jioni hauruki siku, hata watu wakiwa wamechoka. Kwanza puliza mchanga kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo wala kopo la gesi. Kisha brashi laini, kuanzia juu kwenda chini. Kisha kitambaa laini kilicholowekwa maji safi na kukamuliwa hadi kisidondoke, pitisha mwili mzima wa kamera, geuza kitambaa kila upande unapochafuka. Kisha kitambaa kikavu. Viunganishi vya betri vipitishwe kijiti cha pamba chenye spiriti. Ukianza na kitambaa kikavu, unasugua mchanga na chembe za chumvi juu ya kioo, na mikwaruzo hiyo haitoki. Mbele ya lenzi muwe na filta tupu ya kinga wakati wote, mkiwa na 3 za akiba. Lenzi hazibadilishwi ufukweni. Chagueni lenzi ya kuvuta itakayotosha onyesho zima, au mbadilishie ndani ya hema lililofungwa pande zote.

Kamera ikiangukia baharini msiiwashe kuona kama inafanya kazi. Toeni betri na kadi mara moja, isuuzeni kwa maji safi ili chumvi itoke, iacheni wazi kwenye kivuli chenye hewa, na iende kwa fundi ikiwa imezimwa. Kuiwasha ndiko kunakoimaliza.

Unyevu ni adui mwingine. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje inafunikwa na ukungu, ndani na nje ya lenzi. Ifungieni kwenye mfuko usiopitisha hewa, muitoe nje ikiwa humo, na isubiri dakika 30 hadi 60. Hesabuni muda huo kwenye ratiba ya alfajiri, la sivyo jua litachomoza mkiwa mnafuta lenzi.

Kama mna onyesho la dhoruba, kufuta lenzi kati ya shoti hakutoshi. Kwenye filamu ya Ryan's Daughter, iliyopigwa Ireland, mpiga picha Freddie Young aliweka mbele ya lenzi kioo cha duara kinachozunguka kwa kasi, cha aina inayotumika kwenye madirisha ya meli, na matone yakawa yanatupwa pembeni kabla hayajatulia. Vifaa vya namna hiyo vya kufunga kwenye lenzi bado vinatengenezwa na vinakodishwa.

Mwanga wa ufukweni ni mkali kuliko mnavyokadiria. Kwa ISO 800, shata 1/50 na tundu la f/4 chini ya jua kamili, mnahitaji kupunguza stopu 8 (kila stopu hukata nusu ya mwanga), yaani filta ya kupunguza mwanga ya ND 2.4, na juu ya mchanga mweupe stopu 1 zaidi. Filta nzito hivyo iwe na kinga ya infraredi, la sivyo nguo nyeusi zitageuka hudhurungi na mtahangaika kuzirekebisha rangi. Filta ya polaraizi inakata mng'ao wa maji vizuri, lakini nguvu yake hufuata pembe ya jua, kwa hiyo rangi ya bahari itatofautiana kati ya pembe moja ya kamera na nyingine. Itumieni kwenye shoti za mandhari, iondoeni kwenye mazungumzo. Miguu ya stendi ivutwe kuanzia kipande cha chini kabisa, ili vifungio vibaki juu ya mchanga, na chini yake muweke ubao wa sentimita 60 kwa 60. Mchanga mbichi unameza mguu mmoja polepole, na upeo wa bahari uliopinda kwa nusu nyuzi tayari unaonekana.

Umeme na data nitavipitia haraka. Jenereta ikae upande upepo unakoelekea, nyuma ya kilima cha mchanga au ukuta, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maikrofoni. Kila laini ipitie kikata umeme cha miliampia 30, kinachojizima umeme ukivuja, na maungio ya waya yainuliwe juu ya makasha, kamwe yasilale mchangani. Picha za 4K kwa muundo wa faili wa ProRes 422 HQ, fremu 25, hula takribani gigabaiti 330 kwa saa. Kamera 2 zikirekodi saa 2 kila moja ni terabaiti 1.3 kwa siku. Kwa intaneti ya kupandisha megabiti 20 kwa sekunde, mzigo wa siku moja utachukua siku 6, kwa hiyo sahauni kuutuma. Nakala 3 kwenye diski 3, zihakikiwe na programu inayolinganisha faili, na kadi isifutwe kabla nakala 2 hazijahakikiwa. Nakala hizo zisipande boti moja. Boti ikizama na nakala zote, tamthilia imezama.

Boti na watu vinahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa mtu anaweza kufa. Mwulizeni nahodha wa hapo boti inaweza kutia nanga wapi maji yakiwa makavu. Mara nyingi haifiki ufukweni, na vifaa vinabebwa mabegani mita mia kadhaa juu ya mwamba unaoteleza. Kwa hiyo kushusha na kupakia kupangwe maji yakiwa juu, na kazi katikati yake. Kwenye vihori vilivyozungukwa na miamba, maji hufunga mlango kabla hayajaujaza ufuko, na watu hunaswa wakiwa bado wanaona mchanga mkavu. Wekeni saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye ratiba ya siku, angalau saa 2 kabla mlango haujafungwa, na mwongozaji asiwe na mamlaka ya kuisogeza. Mwigizaji akiingia majini zaidi ya magoti, awepo mwokoaji mmoja asiye na kazi nyingine yoyote, anayeweza kusimamisha kamera bila kuomba ruhusa. Droni inayorushwa kutoka kwenye boti ibadilishwe mpangilio wake wa kurudi: kwa kawaida hurudi mahali iliporukia, na boti imeshahama, kwa hiyo itatua majini. Irudisheni ikiwa na betri asilimia 40, maana upepo wa juu ni mkali kuliko mnaouhisi chini.

Ruhusa nazo ziangaliwe mapema. Katika nchi nyingi, ardhi iliyo chini ya mstari wa maji kujaa ina msimamizi tofauti na ile iliyo juu yake, na msimu wa ndege au kasa kutaga unaweza kufunga ufuko kabisa.

Nikirudi kwenye siku zenu 24: hazitoshi kwa skripti kama ilivyo. Filamu ya Jaws, iliyopigwa baharini kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, mwaka 1974, ilipangiwa siku 55 ikachukua 159. Papa wake wa mashine hakuwa amejaribiwa baharini, na maji ya chumvi yakamvuruga. Ninyi hamna fedha za kuongeza siku 100. Kama kila kipindi ni cha dakika 24, vipindi 6 ni dakika 144, yaani dakika 6 za hadithi kila siku. Ndani ya nyumba hilo linawezekana. Kando ya maji, kadirieni dakika 3, na ndani ya boti pungufu ya hapo. Pitieni skripti na kila onyesho la ufukweni mlihoji kama haliwezi kutokea barazani, jikoni au njiani. Hamishieni huko angalau nusu. Siku 4 kati ya 24 ziachwe bila onyesho lolote kwa ajili ya hali ya hewa, na kila asubuhi kuwe na onyesho la ndani lililo tayari kabisa, mavazi yamepigwa pasi na taa zimetundikwa, ili nahodha akisema leo hapaendeki, watu wahamie chumbani ndani ya saa moja.

Na kabla ya hayo yote, mtumeni mtu mmoja kijijini akae siku 15 mfululizo, bamvua hadi bamvua. Apige picha kila saa ya mchana kutoka sehemu zile zile 4 ambazo kamera itasimama, arekodi sauti dakika 1 kila mara, na aandike maji yamefika alama gani kwenye kigingi. Picha hizo zitandazwe ukutani siku ya kupanga ratiba, kila onyesho libandikwe chini ya saa inayolifaa.